Safari ya Mlima Chyulu, Mlima Usio na Mto

Mtu asafiriye kwa gari katika barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kupita Emali na kuikaribia Makindu, ataona kwa mkono wake wa kulia safu ndefu ya vilima vya rangi ya kijani. Vilima hivyo si kama milima mingine ya Ukambani, ambayo ni ya majabali. Vyafanana zaidi na vichuguu vingi vilivyopangwa kwa mstari. Asubuhi nyingi vilele havionekani kabisa, maana wingu jeupe limevikalia, hali huku chini barabarani jua ni kali na vumbi linaruka. Hiyo ndiyo Chyulu, ambayo Wakamba huiita Kyulu. Wasafiri wengi huitazama kwa dakika chache tu, wakanunua maembe, wakaendelea na safari yao.

Safu hiyo ina urefu wa karibu kilomita 100, na kilele chake kirefu kuliko vyote kina mita 2,188 juu ya bahari. Upande wa mashariki ni Kaunti ya Makueni, na upande wa magharibi ni nchi ya Wamasai wa Kajiado. Jambo la kustaajabisha ni kwamba juu ya mlima mkubwa namna hii, wenye msitu na mawingu, hakuna mto hata mmoja udumuo. Walakini watu wa Mombasa, walio mbali zaidi ya kilomita 200, hunywa maji yake. Habari ya jinsi jambo hilo liwezavyo kuwa ndiyo tuliyoifuata katika safari hii.

Tulianza safari yetu mjini Kitui, wala hatukufanya hivyo kwa kupenda kuzunguka tu. Njia itokayo Kitui hupita Mutomo na Ikutha, ikavuka Mto Athi, ikafika Kibwezi chini ya mlima. Zamani ilikuwa njia ya udongo mwekundu, na wakati wa mvua kubwa basi liliweza kulala njiani na abiria wake wote. Siku hizi ina lami, na dereva wetu, ambaye ni mtu wa Kitui, alikuwa hachoki kuisifu. Nchi yenyewe haikubadilika. Ni nchi ya mibuyu na migunga na miti ya miiba ambayo kwa miezi mingi ya mwaka haina jani hata moja, na mito yake ni mito ya mchanga.

Msomaji aliyezaliwa Ukambani hahitaji kuelezwa mto wa mchanga ni kitu gani, lakini wako wasomaji wa kando ya ziwa na wa pwani ambao wataona ni mzaha. Mto wa namna hii hujaa kwa saa chache baada ya mvua, ukapita kwa kishindo, kisha ukabaki mchanga mtupu mweupe. Mgeni akiutazama atasema hakuna maji. Mwenyeji huchimba. Tulisimama penye mto mmoja kabla ya kufika Mutomo, tukamkuta mama mmoja mzee akichota kwa kibuyu katika shimo alilolichimba mchangani, na punda wawili wamesimama karibu na madumu yao. Dereva alimwamkia kwa heshima, akamwita Mwaitu, akamwuliza habari za maji. Mama yule alisema kwamba baada ya mvua za mwezi wa kumi na mmoja shimo halizidi urefu wa mkono, lakini ufikapo mwezi wa tisa huwa ni lazima mtu aingie ndani mzima, na mwenziwe asimame juu kupokea kibuyu.

Sababu ya maji kukaa pale ni rahisi. Mchanga una nafasi ndogo ndogo kati ya chembe na chembe, na maji hujificha humo. Jua hukausha tabaka ya juu tu. Yaliyo chini hayalifikii. Watu wa Kitui wameifanya elimu hii kuwa kazi: hujenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji. Mabwawa hayo ya mchanga yamejengwa kwa mamia katika Kitui, Machakos na Makueni, na watu wa nchi nyingine wamekuja kuyatazama. Kwa hiyo pia mtu achukuaye mchanga kwa malori kwenda kujenga nyumba mjini huchukua ghala ya maji ya jirani zake. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui ilikataza biashara ya mchanga pamoja na ile ya makaa, na palikuwa na ugomvi mwingi. Wenye malori walilalamika, na waliokuwa wakipata riziki yao kwa makaa hawakupendezwa hata kidogo. Twamwomba msomaji ayashike maneno haya ya mchanga, kwa maana tutayahitaji tena juu ya mlima.

Baada ya Ikutha njia huupanda uwanda wa Yatta. Uwanda huo ni mawe ya volkano yaliyotiririka kama uji zamani za kale sana, na urefu wake, kutoka karibu na Ol Donyo Sabuk hadi nyika ya Tsavo, ni karibu kilomita 300. Ni mmoja wa mitiririko mirefu ya lava iliyopo duniani. Kisha njia hushuka mpaka Mto Athi, ambao una maji kweli, na mamba pia, na baada ya hapo Chyulu yaonekana mbele ikiwa imejaza upande mzima wa magharibi.

Kibwezi ni mji wa zamani kuliko unavyoonekana. Mwaka 1891 Wamisheni wa Kiskoti walijenga hapo kituo chao cha kwanza katika nchi hii, lakini homa ya malaria iliwashinda, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Reli ilipita, mashamba ya mkonge yakalimwa, na siku hizi pana reli mpya pia. Lakini kilichowavuta watu tangu mwanzo ni maji. Karibu na mji kuna chemchemi za Umani, zenye msitu mnene unaoota juu ya mawe meusi ya volkano, katika nchi ambayo pande zote ni miiba. Majina ya mahali penginepo katika barabara hiyo yasema vivyo hivyo: Makindu limetokana na mikindu, miti ipendayo kuloweka miguu yake, na Kiboko halihitaji kufasiriwa. Mtu awezaye kusoma majina angejua, hata bila ya ramani, kwamba kuna kitu chini ya mlima huu kinachotoa maji.

Makao ya Mbuga ya Taifa ya Chyulu, ambayo ilitangazwa mwaka 1983, yako nje kidogo ya Kibwezi. Hapo ndipo msafiri alipiapo na kuulizia hali ya njia. Tulipewa askari mmoja wa mbuga kutuongoza, tukaanza kupanda saa kumi na mbili u nusu asubuhi.

Mwanzoni njia hupita kati ya mashamba ya mahindi, kunde na mbaazi. Kisha mashamba yakoma, na gari huanza kukanyaga majivu ya volkano, ambayo ni meusi na mepesi, yakiliwa na magurudumu kama mtama uliomwagika. Gari lisilo na nguvu katika magurudumu yote manne lisijaribiwe huko. Letu lilikuwa nalo, na hata hivyo lilizama mara mbili. Mara ya pili tulishuka sote tukalisukuma, na mwandishi wa habari hizi akapoteza kisigino cha kiatu. Vilima vya pande zote ni vya mviringo, vingine vina shimo kileleni, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa mdomo wa moto. Viko mamia. Wataalamu wa mawe wasema kwamba safu yote ilijengwa katika muda usiozidi miaka milioni moja na nusu hivi, na kwa mlima huo ni utoto.

Kwa muda mrefu twapanda katika majani marefu tu. Hewa yapoa kidogo kidogo. Kibwezi iko kama mita 900 juu ya bahari. Kwa kila mita 1,000 mtu apandazo, joto hupungua kwa digrii sita hivi au zaidi. Mara ukungu ukatufunika. Hakukuwa na mlango wala mpaka; dereva aliwasha taa, akapunguza mwendo, na tulipotazama nje tuliona kwamba majani yamekwisha, na pande zote mbili za njia imesimama miti.

Msitu wa Chyulu si mmoja uliotandaa kama ule wa Aberdare au Mlima Kenya. Umekatwa katika vipande, vingine vikubwa, vingine vya kutosha bonde moja tu au shimo moja la volkano, na kati yake ni majani. Ndani yake hakuna jua. Matawi yamevikwa kuvumwani mpaka gome halionekani, na makangaga yameota juu ya magogo yaliyoanguka na juu ya yale yaliyosimama. Okidi hukaa juu ya matawi bila ya kugusa ardhi. Ndevu za kijivu zimening’inia kila mahali, na kwenye ncha ya kila unywele pana tone la maji. Mti wa miraa, ambao watu wengi hudhani ni wa Meru peke yake, humea huko wenyewe bila ya kupandwa. Nyati wapo, na pofu, na pongo, na chui ambaye hatukumwona ila nyayo zake. Kimya chake ni cha namna ya pekee, kwa kuwa si kimya kabisa: ukisimama wasikia sauti ya matone yakianguka kutoka jani hata jani, tap, tap, tap, kama paa la nyumba baada ya mvua. Nasi tulijua kwamba mvua haikunyesha siku ile, wala juma lile.

Hapo ndipo penye siri ya mlima. Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba unyevu ambao macho hayauoni. Nchini chini ni moto, kwa hiyo unyevu huo hupita juu ya Kitui na Kibwezi usimfae mtu. Ukifika Chyulu hulazimika kupanda, ukipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika maji mengi kama hewa ya moto, basi huyatoa yakawa ukungu. Kila mtu amekwisha kuliona jambo hili akipumua juu ya kioo asubuhi ya baridi. Lakini ukungu ni matone madogo mno, mepesi yasiyoweza kuanguka. Kama mlima ungekuwa mtupu, upepo ungeyachukua na kupita nayo. Mti huyakamata. Mwendesha baiskeli wa Limuru apitaye katika ukungu alfajiri hufika kazini nyusi zake zikidondoka maji, ingawa barabara ni kavu. Na mti wenye majani elfu nyingi, na ndevu na makangaga juu ya kila tawi, una nyusi nyingi kuliko za mtu. Hukusanya tone na tone, ukayateremsha kwenye shina. Katika miezi ya kusi, nchi ya chini inapongojea mvua isiyokuja, wingu hukalia vilele, na msitu huendelea kunywa.

Na maji hayo huenda wapi? Askari alichukua dumu dogo la maji ya kunywa, akalimimina kidogo njiani. Hayakutiririka. Yalipotea palepale, kana kwamba ardhi ilikuwa ikiyangoja. Dereva wetu akainama, akachota majivu kwa kiganja, akayachuja kati ya vidole vyake, akacheka, akasema kwamba basi huu ni mto wa Kitui, ila umesimamishwa wima.

Hatujapata kuelezwa vizuri zaidi. Chyulu ni ghala ya mchanga. Majivu na mawe yake yana matundu kila mahali, na mvua pamoja na ukungu huzama ndani kabla ya kupata nafasi ya kuwa kijito. Hata mapango yamo. Lava itiririkapo, ngozi yake ya juu hupoa ikawa ngumu, na ile ya ndani huendelea kukimbia mpaka ikatoka yote, likabaki bomba tupu la mawe. Pango moja la Chyulu, waliloliita Leviathan, limepimwa zaidi ya kilomita 11, nalo ni miongoni mwa marefu ya namna hiyo duniani. Mlima huo hauna mto juu kwa sababu mito yake yote iko ndani.

Tulipotoka tena kwenye majani, ukungu ulikuwa umeinuka, na tuliona Kilimanjaro upande wa magharibi. Twakiri kwamba kwa robo saa hakuna aliyenena habari ya maji. Lakini askari alituonyesha pia kitu kingine: ukingo wa msitu uliokuwa mweusi, na visiki vya miti vilivyoungua. Moto hauanzi wenyewe juu ya mlima wenye unyevu. Huwashwa na mchungaji atakaye majani mapya, au mrina asali asiyezima mwenge wake, au mwindaji wa magendo. Na kila upitapo, majani husonga mbele hatua chache na msitu hurudi nyuma. Majani hurudi katika mvua ya kwanza. Mti wenye ndevu hauwezi kurudi hivyo, kwa maana mche wake hautaki jua kali, na jua limekwisha kuingia. Wako pia wakata miraa, ambao huangusha tawi zima kwa kuchuma ncha, na chini zaidi wako wachoma makaa.

Haingekuwa haki kuwalaumu watu hao bila kusema habari zao. Mkulima aliye chini ya mlima upande wa Makueni hupanda mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi huvuna mara moja, au asivune. Mahindi yakikauka, gunia la makaa ndilo karo ya shule. Isitoshe, maji ya mlima hupita chini ya miguu yake na kutokea mbali. Tulipokuwa tukishuka tulikutana na wanawake na watoto wakirudi na punda kutoka kisimani, na mwendo wao ulikuwa wa saa nzima, kwa mlima uleule uliofunikwa na wingu nyuma yao. Kumwambia mtu wa namna hiyo autunze msitu kwa ajili ya maji ni kumwambia alinde ghala ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwa mwingine. Sisi twaona kwamba mabomba ya kwanza ya kila mradi mpya yangefaa yaelekee vijiji vilivyo miguuni pa mlima.

Siku ya pili tulirudi barabara kuu, tukashuka hadi Mtito Andei, tukaingia Mbuga ya Tsavo Magharibi ili kuona mwisho wa habari yetu. Njia moja ya mbuga hupita juu ya Shetani, ambayo ni lava nyeusi iliyotoka mwisho wa kusini wa Chyulu katika karne ya 19. Ina urefu wa kilomita 8, na mpaka leo imefunikwa na miti michache tu. Wazee wa nchi hiyo waliuona moto ukitoka chini ya ardhi, nalo jina walilolitoa halihitaji maelezo.

Kutoka hapo twaenda Mzima. Pana mwamba mkavu wa lava, na chini ya mwamba maji yanatoka, si kwa kudondoka bali kama mto uliozaliwa ukiwa mtu mzima: zaidi ya lita milioni 200 kila siku, safi hata mtu aweza kuhesabu samaki na kuona viboko wakitembea chini kama ng’ombe malishoni. Miaka ya 1950 lilijengwa bomba la kupeleka sehemu ya maji hayo Mombasa, mwendo wa kilomita 220 hivi, na kwa kuwa Mzima iko juu na Mombasa iko chini, maji hushuka yenyewe. Voi na miji mingine ya njiani hupata pia. Mzima iko katika Kaunti ya Taita-Taveta, na viongozi wa huko wamedai mara nyingi walipwe fungu lao kwa maji yatokayo kwao. Ni dai lenye maana, ingawa mlima unaoyakusanya uko pia katika ardhi ya Makueni na ya Kajiado, na hesabu ya kugawana ingekuwa ndefu.

Tulikaa kando ya maji mpaka jua likapungua. Dereva alijaza chupa moja, akasema ataipeleka kwa yule Mwaitu wa mto wa mchanga aione.

Mwenye kutaka kufanya safari hii achague miezi ya kiangazi, kwa sababu wakati wa masika njia ya mlimani huteleza sana. Aondoke Kibwezi mapema, achukue sweta, na mafuta ya gari ayajaze kabisa mjini. Asiwashe moto ila mahali palipowekwa. Na maji ya kunywa ayachukue ya siku nzima, na ya gari pia, kwa kuwa juu ya Chyulu hakuna mahali hata pamoja pa kuchota.